Ukicheza Caro-Kann, mtoe askofu kabla ya h6

Nyie mnaojifunza Caro-Kann, ule ufunguzi wa kete nyeusi kwenye chesi, kuna gemu moja nawaomba muipange ubaoni kabisa, kete kwa kete, Kasparov, bingwa wa dunia wakati huo, na kompyuta ya IBM, Deep Blue, New York, tarehe 11 Mei 1997. Ilikuwa ya sita na ya mwisho, wako sawa 2.5 kwa 2.5, Kasparov ana kete nyeusi, na ikaisha kwa hatua 19 tu!

Mimi Caro-Kann ndo ufunguzi wangu wa kila siku na vijana nikikaa nao naanza na hiyo. Herufi na namba ni jina la mraba kete inapokwenda, mweupe anaanza. Unaanza e4 c6, d4 d5, farasi mweupe anatoka c3, mweusi anakula e4, farasi anarudisha, mweusi anapeleka farasi d7, mweupe anaruka g5, mweusi farasi wa pili f6, askofu mweupe d3, mweusi e6, mweupe farasi f3. Hapo simama kwanza. Inayotakiwa sasa ni askofu d6, h6 ina zamu yake baadaye. Kasparov akasukuma h6 palepale, na kompyuta badala ya kurudi nyuma ikamtoa farasi sadaka kule e6.

Angalia vizuri kilichofuata. Askofu wa f8 bado yuko nyumbani, Kasparov anaweka malkia e7 na kumziba kabisa, afu anamla farasi, anapigwa cheki toka g6, mfalme anakimbilia d8, na akishasogea hivo haruhusiwi tena kwenda kujificha pembeni na ngome, ile hatua ya castling. Yule askofu alikuja kutoka f8 hatua ya 18, tena kwa kulipiza malkia aliyekwisha liwa, na c4 ilipochezwa Kasparov akakubali kushindwa. Bingwa wa dunia huyo!

Ndo maana nasema msikariri tu hatua za video. Kila hatua itamke kwa sauti, inamzuia mwenzangu nini, na nikiicheza mapema kidogo ananifanya nini. Farasi akiwa g5 kila mara hesabu e6 na f7 kabla hujagusa askari wa pembeni.

Ukishatoa askofu d6, mweupe kawaida anaweka malkia e2 na hapo h6 ni halali yako kabisa, farasi anarudi e4, unamla, malkia anarudisha, we unaleta farasi f6 kumfukuza na gemu inaendelea ukiwa umetulia.