Gasketi Iliyoganda Kwenye Kabureta: Maswali Yenu

Nimefungua kabureta ya pikipiki yangu, gasketi ya karatasi, ile ya kuziba maungio, imeganda kwenye mdomo wa bakuli, kile kikombe cha chini kinachoshika petroli. Naweza kuikwangua kwa bisibisi?

Tafadhali, usifanye hivyo. Kabureta nyingi ni za aloi ya zinki au alumini, laini kuliko chuma cha bisibisi. Mkwaruzo mmoja ukikatiza mdomo huo kutoka ndani hadi nje, petroli imeshapata njia ya kuvujia, na hata gasketi mpya huenda isiuzibe. Chonga kijiti cha mti mgumu au plastiki ngumu, ncha iwe bapa kama ya patasi. Kilaze, usikisimamishe. Kikikataa kusogea, usiongeze nguvu. Gasketi bado haijalainika.

Niilainishe kwa kitu gani?

Dawa ya kuondolea gasketi, au asitoni. Asitoni hukauka upesi, kwa hiyo funika sehemu hiyo kwa kitambaa kilicholowa, uache dakika kumi hivi, ukwangue, urudie. Mara ya tatu au ya nne karatasi hung'oka kama ganda. Lakini kabla ya tone la kwanza, toa kila kilicho cha mpira au plastiki: oringi (pete za mpira), diaframu (utando wa mpira), floti (boya la ndani ya bakuli), na ile sindano yake yenye ncha ya mpira. Nasisitiza diaframu, maana ikishavimba hutaweza kuirudisha mahali pake. Soda kali ya kuzibulia mabomba usiiguse kabisa, inakula alumini na zinki. Fanyia kazi hii penye hewa, mbali na moto, ukiwa na miwani na glavu.

Na msasa wa duara wa kufunga kwenye drili?

Hapana. Unachimba mabonde usiyoyaona kwa macho, na chembe zake zikifika kwenye silinda zinaisaga.

Nimesafisha na kufunga, sasa injini inazimika nikiachia akseli.

Nashuku jeti ndogo, kile kipande chenye tundu linalopitisha petroli injini ikinguruma bila akseli. Tundu lake halifiki hata nusu milimita, punje moja ya gasketi inatosha kuliziba. Itoe, uisafishe kwa dawa ya kabureta, uipulize kwa hewa. Usiingize waya, utapanua tundu. Ikiwa safi, kagua mdomo unaoshikana na injini. Ulaze juu ya kioo tambarare. Mdomo huo ukicheza, umepinda, mara nyingi kwa boliti zilizokazwa kupita kiasi, na hapo unavuta hewa. Tandika msasa wa maji namba 600 juu ya kioo hicho, uusugue taratibu kwa kuzungusha, kisha uoshe kila tundu.

Naweza kupaka silikoni badala ya gasketi?

Kwenye bakuli, hapana. Petroli huivimbisha, ikakatika vipande vinavyokimbilia kwenye jeti. Ukikosa gasketi, kata mwenyewe karatasi ya gasketi inayostahimili petroli, yenye unene sawa na ile ya zamani. Kwa hiyo pima unene wa kipande cha zamani kabla hujakitupa.