Yaliyomo hayachapwi kwa mkono

Nimemaliza mwongozo wa pampu za umwagiliaji kwa DocBook, ule mfumo wa XML wa kuandikia vitabu na miongozo. Sura zinatokea kwenye yaliyomo, vichwa vidogo havitokei hata kimoja. Nimekosea wapi? (Makambako)

Nimefungua faili lako. Kichwa kidogo cha kwanza umekiandika hivi:

`<para><emphasis role="bold">Kusafisha chujio</emphasis></para>`

Hicho si kichwa, ndugu yangu, ni aya iliyokolezwa wino. Wewe unakiona kichwa kwa macho, ila programu haina macho, inasoma tegi, yaani hizo alama zilizozunguka maneno. Fungua `section`, weka `title` ndani yake, yaliyomo yatajijaza yenyewe. Wala usikimbilie `bridgehead`, tegi ya kichwa kisicho na `section` yake, kwa kuwa ni fupi: nayo huachwa nje ya yaliyomo mpaka uiruhusu kwa kigezo cha `bridgehead.in.toc`. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Anayetuma tena, aangalie kwanza kama ana `title`.

Vichwa vya ngazi ya tatu havionekani. (Iringa mjini)

Kigezo cha `toc.section.depth`, kinachosema yaliyomo yashuke ngazi ngapi, huja kikiwa 2. Weka 3. Ila jiulize kwanza kama unavihitaji: mwongozo wa kurasa 40 wenye yaliyomo ya kurasa nne, nani atausoma?

Shikamoo. Mwongozo wangu ni mfupi tu. Kuna ubaya gani nikichapa yaliyomo na namba za kurasa mwenyewe, nimalize mapema? (Tukuyu)

Marahaba. Ubaya upo.

Niliwahi kupewa mwongozo wa mashine ya kukaushia chai niurekebishe, wa kiwanda kimoja huko Mufindi. Yaliyomo yalikuwa yamechapwa kwa mkono. Baadaye mtu akaongeza picha mbili kubwa sura ya pili, kurasa zikasogea, yaliyomo yakabaki pale pale. Fundi wa zamu ya usiku anatafuta "Kuzima kwa dharura", anaelekezwa ukurasa wa 31, anafika anakuta jedwali la vipimo vya mikanda. Alichokitaka kilikuwa ukurasa wa 34. Mtu hakuumia, mkanda ndio uliokatika.

Kwenye XSL-FO, lugha ya kupanga kurasa ambayo DocBook hupitia kabla ya kuwa PDF, namba ya ukurasa haiandikwi kabisa. Inawekwa `fo:page-number-citation` inayotaja kitambulisho cha kichwa, na FOP, programu inayotengeneza PDF, ikishapanga kurasa ndipo inajaza namba. Ukiongeza picha leo, unatengeneza PDF upya na namba zinafuata. Hiyo ndiyo faida ya XML. Ukiikataa, bora ungebaki na Word, ingawa hata Word inajua kutengeneza yaliyomo.

Mbona yaliyomo ya HTML hayana namba za kurasa? (Mafinga)

HTML haina kurasa.

Natumia DITA, mfumo mwingine wa XML wa kuandika miongozo kwa mada. Mada moja nataka iwepo kwenye kitabu lakini isionekane kwenye yaliyomo. (Njombe)

`toc="no"` kwenye `topicref` yake, ndani ya ramani, lile faili linalopanga mada za kitabu. Onyo ni kwamba wengi hufanya hivyo kwa mada wasiyojua iwekwe wapi, na msomaji naye hatajua aitafute wapi.

Mwongozo wote ni Kiswahili, juu ya yaliyomo panatoka "Table of Contents". Nimeingia kwenye faili za mtindo za DocBook nikabadilisha mwenyewe. Ni sawa? (Vwawa)

Si sawa. Siku ukishusha toleo jipya la faili hizo, kazi yako imefutika. Tengeneza faili lako dogo linaloita zile za asili kwa `xsl:import`, halafu kwenye kigezo cha `local.l10n.xml` weka:

`<l:gentext key="TableofContents" text="Yaliyomo"/>`

Ukiwa humo humo, badilisha na neno la sura, la mchoro na la jedwali. Wengi hutafsiri moja wakaridhika, kitabu kikatoka nusu nusu.

Viungo nilivyowatumia wateja, vya sehemu fulani za mwongozo wa HTML, vinakufa kila nikitengeneza upya. (Uyole)

Angalia mwisho wa anwani. Ukiona kitu kama `#d0e417`, hicho kitambulisho kimebuniwa na programu kwa sababu wewe hukuweka chako, na haikuahidi kukirudia kesho. Kila `section` ipe `xml:id` yake, mfano `kusafisha-chujio`. Ukishaituma kwa wateja, usiiguse tena, hata kichwa chenyewe kikibadilika.