"Papa, ubongo wangu bado!"

SWALI: Mama, mimi ni baba wa Kadutu, hapa Bukavu. Binti yangu ana miaka 15. Shuleni wanatayarisha Romeo na Juliet, tamthilia ya Shakespeare, na yeye ndiye Juliet. Mwalimu aliwaeleza kwamba wale vijana waliangamia kwa sababu ubongo wao ulikuwa haujakomaa. Tangu hapo, nikimgombeza kwa kupakiana na wenzake kwenye pikipiki moja, ananijibu: "Papa, ubongo wangu bado." Ni kweli, au ananichezea?

JIBU: Vyote viwili, Papa. Nimefundisha biolojia sekondari hadi chaki ikaniharibu koo, na jibu la binti yako linashinda mengi niliyosahihisha. Ila ameshika nusu ya somo.

Nusu hiyo ni kweli. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayopima matokeo na kuuzuia mkono, hukomaa mwisho kabisa, mtu akiwa na miaka kama 25. Sehemu za ndani, zinazochochea hasira, mapenzi na hamu ya raha, huchangamka mapema, balehe inapoingia. Makala yamekwisha kuwaka, mwenye kugeuza sombe bado yuko sokoni.

Nusu aliyoiacha ni hii: kijana wa miaka 16 aliyetulia, akipewa muda, hupima jambo karibu sawa na mtu mzima. Kinachomponza ni joto la hisia na macho ya wenzake. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg, watafiti wa Marekani, waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Wenye miaka 13 hadi 16 waliocheza mbele ya wenzao walijitia hatarini zaidi kuliko wale waliocheza peke yao. Wenye miaka 24 na zaidi hawakubadilika sana.

Sasa mtazame Romeo. Tybalt, binamu wa Juliet, anamchokoza barabarani, naye Romeo anakataa kupigana: ametoka kufunga ndoa na Juliet, hataki ugomvi na ukoo wa mkewe. Kumbe anaweza kujizuia! Kisha Tybalt anamchoma upanga rafiki yake Mercutio, mchana wa jua kali, na Romeo anamuua Tybalt.

Mimi lakini hasira zangu ni kwa wakubwa. Katika shairi la Arthur Brooke la 1562, ambalo Shakespeare alilitumia, Juliet ana miaka 16 na mapenzi yao yanachukua miezi. Shakespeare akampunguzia umri, hajatimiza 14, na hadithi yote akaibana kati ya Jumapili na Alhamisi. Nani anayekimbiza mambo humo? Padri Laurence anahubiri polepole, halafu anawafungisha ndoa siku hiyohiyo. Capulet, baba wa Juliet, kwanza anamwambia mposaji Paris angoje miaka miwili. Siku moja baadaye anapanga harusi Alhamisi, binti akikataa anatishia kumtupa barabarani, na binti akijifanya kukubali, anaivuta iwe Jumatano. Hakuna aliyempa mtoto yule hata wiki moja.

Kwa hiyo mwache aigize. Habari ya pikipiki usimwanzie mbele ya wenzake, wala usiku mkiwa mmekasirika. Ngoja asubuhi, kwenye chai. Mpe nauli ya kupanda peke yake, na wenzake wakimcheka, aseme Papa ndiye mkali; umkubalie kabisa akusingizie. Akirudia kwamba ubongo bado, mwambie sawa: uamuzi wa leo nauchukua mimi, wa kesho tutauzungumza.