Nguvu za kiume zimepungua: nianzie duka la dawa au hospitali?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina umri wa miaka 49, nina mke na watoto wanne, naishi Morogoro. Kwa miezi kadhaa sasa uume wangu ama hausimami, ama unasimama kwa ulegevu na kulala kabla hatujamaliza, na hata kuamka asubuhi ukiwa umesimama kumetoweka. Usiku naamka mara tatu kwenda haja ndogo. Natumia dawa za presha tangu mwaka juzi. Nilinunua vidonge duka la dawa, nikameza kimoja baada ya chakula cha jioni, nisione tofauti; sasa rafiki ananishauri vumbi la Kongo, ile dawa ya unga inayouzwa kuongeza nguvu za kiume. Mke wangu anahisi nina mwanamke nje. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, jambo lililonishtua zaidi katika barua yako umelitaja kwa kupita tu, nalo ni huko kuamka usiku. Mwanaume wa umri wako mwenye presha, anayekojoa mara kwa mara na ambaye nguvu zake zimepungua polepole, anapaswa kupimwa sukari kabla ya kumeza kidonge kingine chochote. Huenda ikawa ni tezi dume, huenda ikawa ni dawa zako, lakini kisukari hakikisiwi, hupimwa: sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, jibu limepatikana.

Uume husimama pale mishipa ya fahamu inapopeleka ishara, mishipa ya damu ikatanuka, damu ikajaa na kuzuiwa isitoke upesi. Kisukari huharibu aina zote mbili za mishipa, ilhali presha na sigara huharibu zaidi ile ya damu. Tena mishipa ya uume ina kipenyo cha milimita 1 hadi 2 tu, na ile ya moyo ni milimita 3 hadi 4, kwa hiyo uharibifu uleule huonekana kwanza kwenye uume, na wapo wanaume ambao tatizo hili liliwatokea miaka michache kabla ya moyo kuanza kusumbua. Ndiyo maana sikubali kulitibu kana kwamba ni suala la kitandani peke yake.

Hospitali utaulizwa maswali ya faragha. Yajibu bila kuficha, kwa kuwa maelezo yako ni nusu ya uchunguzi. Utapimwa presha, sukari na lehemu (mafuta yaliyo kwenye damu), na pengine homoni ya kiume iitwayo testosteroni, ambayo damu yake huchukuliwa asubuhi kabla ya saa tano. Beba dawa zako zote za presha, kwa sababu baadhi yake, hasa zile za kuongeza mkojo na nyingine kama atenololi, zinaweza kuchangia tatizo. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Daktari anaweza kukubadilishia.

Kuhusu vidonge ulivyonunua, kama vilikuwa sildenafili halisi (dawa ya kusaidia uume kusimama, maarufu kama Viagra), hukuvipa nafasi. Dawa hiyo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, humezwa takribani saa moja kabla ya tendo, huchelewa ikitanguliwa na mlo wenye mafuta mengi, na haifanyi kazi bila hamu na kuchezeana; jaribio moja halitoshi kuihukumu. Hata hivyo ni marufuku kabisa kwa mtu anayetumia dawa za naitreti za maumivu ya kifua, kwani presha inaweza kushuka ghafla na kumuua. Na uume ukisimama zaidi ya saa nne mfululizo, nenda hospitali usiku huohuo.

Vumbi la Kongo sikushauri, kwa kuwa muuzaji mwenyewe hawezi kukueleza lina nini ndani, na mamlaka za nchi mbalimbali zimeshanasa bidhaa zinazoitwa za asili zikiwa zimechanganywa sildenafili kwa siri. Supu ya pweza kunywa tu, ni chakula kizuri, ila haifungui mshipa ulioziba.

Vidonge vikishindwa, bado ipo pampu ya kuvuta damu uumeni, ipo sindano ya kuchomwa uumeni, na mwisho kabisa upasuaji wa kuweka kifaa ndani ya uume, kwa ushauri wa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Mke wako mweleze leo, kisha nenda naye kliniki: akimsikia daktari mwenyewe akitaja presha na sukari, atakuwa na sababu ya kuacha kumtafuta huyo mwanamke wa nje.

SWALI: Nina miaka 26, nimeoa karibuni. Asubuhi naamka uume ukiwa imara, lakini nikimkaribia mke wangu unalala. Je, nimelogwa?

JIBU: Hapana, kijana wangu. Uume unaosimama vizuri asubuhi una mishipa mizima. Kinachokukwamisha kwa kawaida ni hofu ya kushindwa, kwani mwili wenye hofu hubana mishipa ya damu. Kubalianeni na mkeo kwamba kwa wiki kadhaa mtashikana na kubembelezana tu, bila tendo lenyewe hata kama uume umesimama. Hali isipobadilika, muone mshauri wa ndoa au daktari, wala usianze vidonge kwa kificho.