Mikono nyuma, madam: miaka mitatu na klabu ya roboti

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Jaji wa mashindano ya roboti aliinama mezani, akaigusa roboti yetu kwa ncha ya kalamu, akauliza: "Hapa mmeandika igeuke digrii 174. Mbona si 180?" Binti wa kidato cha pili aliyekuwa ameshika laptopu akanyamaza. Kisha akageuza shingo polepole, akanitazama mimi niliyekuwa nimekaa nyuma, mahali ambapo kocha anaruhusiwa kukaa lakini haruhusiwi kutoa sauti. Wenzake saba nao wakageuka. Chumba kizima kikajua programu ile aliandika nani.

Niliandika mimi, saa tano usiku, wiki moja kabla ya safari, kwa sababu roboti ilikuwa inapitiliza kila ikigeuka na nikaona watoto wanachelewa. Jibu la jaji nilikuwa nalo: roboti ikiwa kwenye mwendo haisimami papo hapo, kwa hiyo unaiamuru isimame kabla, na zile digrii 6 zilizobaki inazimalizia yenyewe kwa kuserereka. Ni fizikia ya sekondari, na ndiyo ninayofundisha kila siku. Ila watoto wangu hawakuijua pale, kwa sababu nilikuwa nimewanyima nafasi ya kuhangaika nayo.

Nafundisha sekondari Moshi, na mashindano ninayoyazungumzia ni FIRST LEGO League. Kwa asiyeyajua: kila msimu una mada, inakuja na mkeka wenye vituo vya kazi, na roboti ina dakika 2 na nusu kufanya kazi nyingi iwezavyo bila kuendeshwa kwa rimoti. Mnacheza raundi 3, inahesabiwa ile nzuri kuliko zote. Walimu wengi wanaonipigia simu wanadhani hapo ndipo mashindano yanapoishia. Kumbe mchezo wa mezani ni robo tu. Robo nyingine ni namna mlivyoisanifu roboti, nyingine ni mradi wa utafiti kuhusu mada ya mwaka huo, na nyingine ni jinsi mnavyoishi kama timu. Robo tatu zinaamuliwa chumbani, kwa mdomo wa watoto. Kocha anayewafanyia kazi watoto wake anawapeleka mle ndani mabubu.

Tuliporudi nyumbani niliweka faini. Kila nikigusa roboti au kibodi bila kuombwa, nalipa shilingi 200 kwenye kopo la maziwa lililokaa juu ya kabati. Watoto waliipenda sheria hii kuliko nilivyotarajia. Nikisogeza tu mkono, darasa zima linapaza sauti: "Mikono nyuma, madam!" Hadi muhula unaisha kopo lilikuwa limejaa, tukanunulia maandazi na soda za njiani. Nakushauri uanze na faini kabla hujanunua hata betri ya akiba. Ni ngumu kweli. Kumtazama mtoto akifunga gia kinyume kwa dakika 40 wakati unaona kosa kwa macho yako ni mateso, na siku nyingine nilitoka nje nikaenda kusahihisha madaftari ili nisiseme.

Ukiwa umekaa pembeni ndipo unaona mengine. Mimi niliona kwamba wavulana wawili ndio waliokuwa wanashika laptopu tangu siku ya kwanza, na wasichana walikuwa wanapewa kupamba bango. Hakuna aliyepanga hivyo, wala hakuna aliyelalamika. Tukaanza kuzunguka: kila Jumatano aliyekuwa kwenye programu anahamia kwenye ujenzi, wa ujenzi anahamia kwenye mradi. Mmoja kati ya wale wavulana alinuna wiki mbili. Baadaye ndiye aliyekuja kuwa mzungumzaji wetu mzuri.

Kuhusu meza ya kutandikia mkeka, sikiliza makosa yangu uokoe mbao. Meza inatengenezwa kwa playwudi nzima ya futi 8 kwa 4, halafu unaweka kingo za mbao kuzunguka. Mkeka una urefu wa milimita 2,362 na upana wa 1,143, kwa hiyo kingo zinatakiwa ziwe na unene wa milimita 38 hivi, basi. Fundi seremala wetu, kwa nia njema kabisa, aliweka mbao za inchi 2 "ili iwe imara, mwalimu." Ikawa imara. Mkeka ukazidi sentimita 2 na nusu kwa urefu na kwa upana, ukavimba katikati kama chapati, na roboti ikawa inapanda kilima ambacho kwenye mashindano hakipo. Mpe fundi vipimo vya ndani, si vya nje, na uende na mkeka wenyewe. Uwe umeviringishwa. Mkeka uliokunjwa haunyooki tena.

Mengine ni madogo ila yanauma. Futa magurudumu kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya raundi, vumbi linatelezesha. Usipange mwendo kwa sekunde, kwa sababu betri ikipungua ile sekunde moja inakufikisha pafupi. Panga kwa mizunguko ya gurudumu. Gurudumu letu lina kipenyo cha milimita 56, yaani mzunguko mmoja ni kama sentimita 17.6, na watoto walilipata hilo wenyewe kwa uzi na rula kabla sijaandika kanuni ubaoni. Ukifika ukumbini, pima upya mwanga wa vihisi rangi, yaani vifaa vya roboti vya kusoma rangi. Darasani kwetu kuna kivuli cha mwembe, ule ukumbi ulikuwa na madirisha makubwa upande wa jua.

Msaada wa watu wazima unatakiwa, lakini si lazima awe injinia. Mwalimu wangu bora wa gia alikuwa fundi baiskeli wa pale njia panda. Nilimwomba aje na baiskeli moja tu. Aliipindua chini juu, akawaambia wahesabu meno: 44 kwenye pedeli, 18 kwenye gurudumu la nyuma. Akazungusha pedeli mara moja, wakahesabu gurudumu limezunguka mara ngapi. Mara mbili na karibu nusu. "Sasa mkitaka kupanda mlima na gunia?" akauliza, na wakaanza kubishana. Nilikuwa nimeshafundisha uwiano wa gia mara tatu kwa chaki. Yule mzee hakutumia hata neno uwiano.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nilikuwa nalidharau: kutoka nje ya shule. Mwanzoni nililiona kama mapambo ya kuweka kwenye bango, picha mbili tatu na watoto wa jirani ili majaji wafurahi. Mwaka 2022 mada ilikuwa nishati, na watoto wetu walikuwa wameamua kuchunguza kuni zinazotumika jikoni kwa shule. Walikaa na mpishi wetu, wakapima mizigo kwa mizani siku 5 mfululizo. Tukaenda kuwaonyesha darasa la tano wa shule ya msingi ya serikali iliyo chini ya barabara.

Binti yuleyule wa digrii 174 ndiye aliyeanza. Ameshika roboti kifuani, akasema kwa kujiamini: "Roboti yetu ina sensa mbili." Mtoto mmoja wa mbele akanyoosha kidole. "Dada, ni ile sensa ya kuhesabu watu?"

Karani wa sensa ya Agosti alikuwa ametoka kupita nyumbani kwao. Darasa lote likaangua kicheko, binti akatahayari. Akajaribu tena kwa Kiingereza, wakamkodolea macho. Sisi sekondari tunasomea karibu kila kitu kwa Kiingereza, na pale ndipo nilipogundua kwamba wanafunzi wangu wana maneno mengi wasiyoyaelewa vizuri, maana yamekaa mdomoni tu. Baada ya kimya kirefu akasema, "Ni kihisi. Ni kama jicho. Lakini jicho hili linaona giza na mwanga tu, halikujui wewe." Akamwita yule mtoto mbele, akamfunga kitambaa machoni, akamwambia wewe ni roboti. Wenzake wakawa wanatoa amri. "Nenda mbele!" Mtoto akaenda hadi akagonga dawati. "Geuka!" Akauliza, "Nigeuke kiasi gani?" Hakuna aliyekuwa na jibu, na hapo ndipo somo lilipoanza.

Hatukuhitaji kompyuta, na darasa lile halikuwa na umeme hata hivyo. Tulikaa saa mbili. Kama unapanga kwenda shule ya jirani, acha slaidi. Nenda na roboti moja iliyojaa chaji na kitambaa cha kufunga macho, zungumza na mwalimu mkuu mapema, na uende zaidi ya mara moja. Ukienda mara moja unakuwa mgeni aliyeleta pipi. Sisi tulikwenda kila Ijumaa ya pili, na ikafika mahali wanafunzi wangu wakawa wanajiandaa kwa ajili ya darasa la tano kuliko kwa ajili ya majaji, maana wale wadogo hawana huruma na jibu la kubabaisha.

Wazazi watakuuliza kama roboti inatoka kwenye mtihani wa NECTA. Mimi huwa najibu kwamba haitoki, na kwamba klabu inafungwa wiki sita kabla ya mitihani. Ukianza kuahidi kwamba alama za fizikia zitapanda umejiwekea deni.

Msimu ule jaji mwingine alimuuliza binti kwa nini roboti inapunguza kasi kabla ya kugeuka. Sikuweza kumtazama, nilikuwa naangalia viatu vyangu. Nikamsikia akisema, "Naomba nikufunge kitambaa machoni." Jaji akakubali. Mezani tulifanya vibaya, raundi ya pili roboti ilinasa ukutani na mwamuzi akatuondolea vidude vitatu vya alama kwa kuishika mara tatu nje ya mipaka, na kombe likaenda kwa wengine. Kwenye basi la kurudi walikuwa wanabishana kuhusu lile gurudumu lililonasa, kwa Kiswahili, hadi dereva akaongeza sauti ya redio.

Meza ile fupi ya mbao nene haijatupwa. Ipo darasa la tano kule chini ya barabara. Mkeka wa zamani tuliukata sentimita 2 na nusu kwa urefu na kwa upana kwa mkasi, ukakaa sawasawa.