Rangi ya plastiki za ndani ya gari kubanduka: anza na usafi

Umeuliza kwa nini rangi uliyopuliza kwenye paneli za milango inatoka kwa ukucha baada ya wiki mbili tu. Mara nyingi rangi haina kosa. Chanzo ni mafuta ya kung'arishia dashibodi yaliyopakwa humo miaka nenda miaka rudi. Mengi yana silikoni, nayo hung'ang'ania kwenye mikunjo midogo ya plastiki na vinaili (ile plastiki laini inayofanana na ngozi). Ukipuliza juu yake, rangi hukimbia na kuacha vishimo vya duara, au hukauka vizuri halafu ikabanduka kama gamba.

Kwa hiyo toa paneli nje ya gari, uzioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi laini, mara mbili au tatu. Kisha mwagia maji safi uangalie: yakijikusanya matone matone, mafuta bado yapo, yakitandaa, umefika. Zikikauka, zikwaruze kidogo kwa sponji ya kijivu ya kusugulia. Msasa mkavu usiguse, utafuta ile chapa ya mikunjo kama ya ngozi na hairudi. Malizia kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa cheupe, ukigeuza upande hadi kitoke bila uchafu. Thina na asetoni ziache kabisa, zinayeyusha ABS, aina ya plastiki ngumu ya paneli nyingi.

Geuza paneli usome alama ya nyuma. ABS hushika rangi bila shida kubwa. Ukiona PP, hiyo ni polipropilini, na bila praima (rangi ya msingi) maalumu ya plastiki unapoteza muda. Pulizia praima nyembamba, kisha rangi ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo.

Kwa vinaili tumia rangi ya vinaili, inayojipinda pamoja nayo; rangi ya bodi ya gari itapasuka pale mkono unapoegemea. Shika kopo sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye paneli, mkono ukitembea muda wote. Tabaka la kwanza liwe kama umande, rangi ya zamani ionekane bado. Subiri dakika 10 hivi, ongeza matabaka mengine matatu membamba. Ukiharakisha kufunika, rangi hujaza mikunjo na paneli inaonekana kama imechovywa.

Juu ya dashibodi weka rangi isiyong'aa, la sivyo jua litaakisi kwenye kioo cha mbele na kukusumbua ukiendesha. Vifuniko vya eabegi (mifuko ya hewa ya usalama) usivipake kitu. Vaa barakoa ya kuzuia mvuke wa kemikali, fanya kazi penye hewa, na uache paneli saa 24 kabla ya kuzirudishia klipu.