Jibu: Kuokota makombe, lini na upande gani wa kisiwa

Ndugu, umeuliza uende lini na upande gani wa kisiwa kuokota makombe ya baharini. Nenda maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwani bahari hurudi nyuma mno. Siku ya pili baada ya dhoruba ni bora zaidi. Upande wa bahari kuu makombe ni mengi ila mawimbi huyavunjavunja. Mazima yatafute kwenye ncha za kisiwa, mikondo inapoyaacha. Upande wa ndani, unaotazama bara, ni matope, kaa na ndege (mimi huupenda zaidi). Kila kombe lipindue: likiwa na mnyama au kaa, lirudishe. Ndege akijikokota kama aliyevunjika bawa, rudi nyuma polepole ukitazama unapokanyaga. Anajifanya tu ili umfuate yeye: mayai yake yako mchangani, na rangi ni ileile ya mchanga.